Mikusanyiko ya nanga
Mikusanyiko ya nanga ni vikao visivyo rasmi vya wasanii wa Kihaya katika Bukoba na Muleba, mkoani Kagera. Nanga ni ala ya muziki ya ubao uliochongwa mithili ya sinia refu. Uzi mmoja hupitishwa kwenda na kurudi hadi kuwa nyuzi kadhaa. Mpigaji husimulia tendi za watawala na mashujaa, wasikilizaji wakiitikia huku kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi mbivu na mtama, kikizunguka. Zamani jukwaa kuu lilikuwa ikulu ya Mukama, yaani mfalme. Baadaye likawa harusi na vilabu vya pombe, ambako wapigaji, waimbaji na wachezaji hufahamiana. Mugyabuso Mulokozi alizitafiti tendi za nanga kwa shahada ya uzamivu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 1986.