Taito Ina Historia: Tafuta Wakili Anayeijua

Mbogi, leo tuongee ardhi. Na sio ile story ya "ploti 50 kwa 100, taito iko tayari, lipa polepole". Hiyo mmeisikia kwa redio, kwa TikTok na kwa mabango ya Thika Road mpaka mkaikariri. Leo tuongee mtu ambaye kila mtu humkumbuka mwisho: wakili.

Rika letu tuko na mtindo mmoja. Broka anakuonyesha ploti, unapiga picha umesimama kando ya bikoni, chama kinatoa pesa, halafu siku ya kusaini ndio mnaulizana, "Kwani tunahitaji wakili?" Na jibu huwa, "Muuzaji ako na wake, tutatumia huyo huyo." Si ni karatasi tu?

Hapana. Hiyo karatasi imebeba zaidi ya miaka 100 ya sheria, ukoloni, wizi na kesi. Ukijua hiyo historia, utajua pia ni wakili wa aina gani wa kutafuta. Hebu nikupeleke polepole.

Tuanze Pwani. Ile sehemu ya maili kumi kutoka baharini ilikuwa ya Sultani wa Zanzibar, na Waingereza waliisimamia kwa makubaliano ya 1895. Mwaka wa 1908 wakaleta sheria ya hati za ardhi: kila mwenye kudai shamba aende mbele ya afisa wa kurekodi, athibitishe ni lake, apewe cheti. Ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya Serikali ya Mfalme. Sasa fikiria Mgiriama au Mdigo ambaye shamba lake lilijulikana kwa mnazi wa babu na kaburi la nyanya, sio kwa karatasi. Wengi waliamka wakawa maskwota kwenye ardhi ya mababu zao. Ndio maana mpaka leo unaweza kununua ploti Kilifi au Kwale, taito iko safi kabisa, lakini ukifika unakuta kijiji kizima kimeishi pale vizazi vinne.

Bara hali ilikuwa tofauti, lakini sio afadhali. Sheria ya 1902 iliwapa walowezi ardhi kwa mkataba wa miaka 99. Hiyo wakaona ni kidogo, na sheria ya 1915 ikawapa mpaka miaka 999. Soma tena hiyo nambari. Mwafrika naye, mwanzoni mwa miaka ya 1920, aliambiwa na mahakama kwamba yeye ni mpangaji tu kwenye ardhi ya Mfalme, anaweza kutolewa wakati wowote.

Halafu ikaja sheria ya 1919 iliyoleta mfumo wa Torrens, uliobuniwa na Robert Torrens kule Australia Kusini mwaka wa 1858. Wazo lake lilikuwa tamu: daftari la serikali ndilo linasema mwenye ardhi ni nani, kwisha maneno. Wakati huo huo, mauziano mengi yaliendelea kuongozwa na sheria ya India ya 1882 iliyoletwa huku na wakoloni. Hiyo sheria ya India iliendelea kutumika Kenya hadi 2012. Yaani watu walikuwa wanauziana nyumba wakati sisi tuko shule ya msingi, kwa kutumia sheria iliyoandikwa kabla reli ifike Nairobi.

Ukiongea na wazee wa Kati watakuambia kuhusu 1954. Wakati wa Hali ya Hatari, afisa mmoja wa kilimo aliyeitwa Roger Swynnerton aliandika mpango wa kuunganisha vipande vya mashamba na kuwapa wenyewe hati. Kwa karatasi, mpango mzuri. Lakini wakati vipande vinaunganishwa, maelfu ya wanaume walikuwa kizuizini au msituni. Aliyekuwa nyumbani, na hasa aliyekuwa upande wa serikali, alikuwa na sauti mkutanoni. Asiyekuwepo, shamba lake lilisomwa na mdomo wa mtu mwingine.

Sasa shika hapa, kwa sababu hapa ndipo mambo huanza kuuma. Mwaka wa 1963 tulipata sheria mpya ya ardhi iliyosajiliwa. Ilisema mahakama inaweza kurekebisha daftari kama kulikuwa na ulaghai, isipokuwa kwa usajili wa kwanza. Yaani kama jina lako ndilo lilikuwa la kwanza kuandikwa, hata kama uliingia kwa njia za panya, daftari halikuguswa. Karibu miaka 50 hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Wazazi wetu walilelewa wakiamini kwamba taito ni kama Biblia, haipingwi. Hiyo imani ndio mabroka wanatuuzia bado.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tukaonyesha dunia kwamba hata mali yenye daftari hupotea. Rais Kibaki aliunda tume mwaka wa 2003 chini ya wakili Paul Ndung'u kuchunguza ardhi ya umma iliyogawanywa kiholela. Ripoti ya 2004 ilikadiria hati haramu kama 200,000 zilizotolewa kati ya 1962 na 2002. Misitu, barabara, viwanja vya shule, makaburi, vyoo vya umma. Na wizi wa aina hiyo haukufanywa na majambazi wenye bunduki. Ulihitaji watu wa kalamu: maafisa, wapimaji, mawakili. Kwa hivyo tusidanganyane kwamba kuwa na wakili tu kunatosha. Wakili mbaya ndiye anajua vizuri zaidi mlango wa nyuma uko wapi.

Katiba ya 2010 ikakata huo mnyororo. Kifungu cha 40 kinalinda mali yako, lakini kinasema wazi kwamba ulinzi huo haufiki kwa mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Mwaka wa 2012 Bunge likafuta sheria tano za zamani kwa mpigo, ile ya India ikiwemo, na sheria mpya ikasema hati inaweza kufutwa kama ilipatikana kwa njia haramu, kwa kuruka utaratibu, au kwa ufisadi.

Wengi hawakuamini mpaka 2023. Kampuni moja ilikuwa imenunua ploti ya ufuoni Nyali, Mombasa. Ploti hiyo ilikuwa imegawiwa kwanza Rais Moi mwaka wa 1989, akaiuza, na kampuni iliyonunua ikaiuza tena. Mwaka wa 2017 serikali ya kaunti ikabomoa ukuta ikisema pale ni njia ya umma ya kwenda baharini. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na Aprili 2023 majaji wakasema: kama ugavi wa kwanza haukufuata sheria, mnunuzi wa mwisho hawezi kujificha nyuma ya taito, hata akisema alinunua kwa nia njema. Septemba mwaka huo huo, kwa kesi nyingine kuhusu ardhi ya Embakasi, mahakama hiyo hiyo ikasema barua ya ugavi sio hati ya kumiliki. Ni ahadi tu. Na unajua ni ploti ngapi Eastlands zinauzwa kwa barua ya ugavi na mkono wa salamu.

Kama bado unaona hizi ni story za matajiri, kumbuka Syokimau 2011, nyumba zikiangushwa wenyewe wakiwa wameshika karatasi. Kumbuka Mavoko, Oktoba 2023, kwenye ardhi ya kampuni ya simiti. Hao walikuwa walimu, manesi, watu wa Sacco. Watu kama mathe wako.

Sawa. Sasa tumefika kwa swali: unachagua wakili aje?

Kwanza, awe wako. Wakili wa muuzaji analipwa kumlinda muuzaji. Anaweza kuwa mtu mzuri, anasali na kila kitu, lakini siku masilahi yenu yatagongana atakuwa na mabwana wawili. Lipa wako. Ada za mawakili kwa mauzo ya ardhi zimewekewa kiwango cha chini kisheria, kwa hivyo ukipata anayekufanyia kwa bei ya kutupa, jiulize anaokoa wapi.

Pili, awe wakili kweli. Chama cha Wanasheria, LSK, kina mahali mtandaoni pa kutafuta jina lake na kuona kama cheti chake cha mwaka huu kiko hai. Dakika mbili tu. Sheria hairuhusu mtu asiye wakili kutayarisha hati za kuhamisha ardhi kwa malipo, hata kama ofisi yake ina kiti cha ngozi na kalenda kubwa.

Tatu, na hii ndio pointi yangu kubwa leo: awe anaijua hiyo sehemu. Simaanishi awe jirani. Namaanisha ajue historia ya udongo wa pale na milango ya ofisi za pale. Ukinunua Kitengela au Ngong, nataka wakili anayejua kwamba ardhi nyingi ya Kajiado ilikuwa ya ranchi za kundi zilizosajiliwa chini ya sheria ya 1968, zikagawanywa baadaye, na kwamba ugawaji wenyewe ulileta migogoro. Ukinunua Pwani, awe anajua kuuliza nani anaishi pale na tangu lini. Ukinunua shamba la kilimo popote, awe anajua bodi ya ardhi ya eneo hilo hukaa lini, kwa sababu sheria ya 1967 inataka idhini yake iombwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila idhini, mkataba wako unaweza kuhesabiwa batili. Wakili wa Upper Hill ambaye hajawahi kukanyaga ofisi ya ardhi ya kaunti hiyo atajifunzia kwa pesa yako.

Nne, msikilize anauliza nini. Wakili wa muhuri atakuuliza, "Pesa iko?" Wakili mzuri atakuuliza taito mama ilitoka wapi. Hatafanya sachi ya leo tu akaridhika kuona jina la muuzaji. Atafuata nyuma: nani alikuwa wa kwanza, alipewa vipi, ilikuwa ya umma, kuna kesi, kuna pingamizi, mke au mume wa muuzaji amekubali? Atatuma mpimaji athibitishe kwamba ploti uliyoonyeshwa ndiyo ile iliyo kwenye ramani. Baada ya uamuzi wa Nyali, hayo maswali sio ya kujishaua. Ndiyo kinga uliyo nayo.

Na kama unanunua nyumba ya ghorofa, uliza kuhusu sheria ya 2020 ya umiliki wa sehemu za jengo. Zamani wengi walipewa mkataba mrefu wa kukodi, huku taito kubwa ikibaki na mjenzi au kampuni ya wakazi. Sasa kila nyumba inafaa kuwa na hati yake.

Wauzaji pia, msijifanye hii haiwahusu. Kodi ya faida ya mtaji ilisimamishwa 1985, ikarudi 2015 kwa asilimia 5, na tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida. Nimeona familia zikigawana pesa za shamba la guka kabla ya kukumbuka kwamba KRA ako na sahani yake mezani. Mnunuzi naye ana ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na 2 mashambani. Wakili anayejua kazi atakuandikia hizi hesabu zote siku ya kwanza, kabla hujatoa hata shilingi ya amana.

Kuna watakaosema, "Lakini sasa tuko na Ardhisasa." Ni kweli, tangu Aprili 2021 serikali imekuwa ikihamisha daftari mtandaoni, ikianza na Nairobi, na mimi naunga mkono kabisa. Lakini kompyuta huonyesha kile ilichowekewa. Kama ugavi wa 1989 ulikuwa mbaya, ukiuskani utakuwa mbaya wenye mwangaza mzuri.

Kizazi cha kwanza kilinyang'anywa kwa sababu hakikuwa na karatasi. Kizazi cha pili kikaambiwa karatasi inatosha. Sisi ndio wa kwanza kuambiwa na Mahakama ya Juu kwamba karatasi lazima iwe na mwanzo safi, na kwamba ni juu ya mnunuzi kuutafuta huo mwanzo. Huo ni mzigo, ndiyo. Lakini pia ni nafasi ya kuacha kununua dhambi za watu wa zamani kwa pesa za jasho letu.

Kwa hivyo kabla chama chenu kitume amana mwezi huu, mwekahazina aulize swali moja kwenye mkutano: wakili wetu ni nani, na amewahi kufanya kazi kwa ofisi ya ardhi ya kule? Kama kimya kitaingia, msitume.