Mstaafu na Jembe: Marekani, Umwe na Zanzibar

Marekani ilipotunga sheria ya hifadhi ya jamii mwaka 1935, nchi ilikuwa imejaa watu wasio na kazi. Mzee aliyelipwa pensheni alitakiwa kumpisha kijana. Akirudi kwenye ajira, malipo yalizuiwa. Mwaka 2000 sharti hilo liliondolewa kwa waliofikia umri kamili wa kustaafu. Anayewahi kuchukua mafao bado hukatwa: mshahara ukivuka kiwango cha mwaka, kila dola 2 za ziada huzuia dola 1.

Tanzania Bara haimchunguzi hivyo mstaafu anayelima. Mtumishi wa umma hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, kwa lazima akifika 60. Ugomvi mkubwa wa wastaafu ni kikokotoo, yaani mkupuo wa kwanza uwe asilimia ngapi ya mafao. Magunia waliyovuna hayamhusu mtu. Mwalimu mstaafu wa Umwe, Rufiji, hupokea pensheni ya PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, na kulima mpunga bondeni bila kukatwa senti. Pensheni yake ni jasho la jana.

Jirani yake mkulima hana mwajiri aliyemchangia, wala tarehe ya kustaafu. Operesheni Rufiji, mwishoni mwa miaka ya 1960, iliwahamishia watu nchi ya juu, lakini mashamba yenye rutuba yalibaki bondeni. Wazee nao hushuka na kulala kwenye dungu kulinda mpunga. Ni rahisi kuwasifu kwamba hawachoki, ila sifa hiyo huficha tofauti. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipozamisha mashamba ya Rufiji na Kibiti, mwenye pensheni alikuwa na cha kutazamia mwisho wa mwezi. Maji yakipungua, angechagua: alime mlau, yaani kilimo cha baada ya mafuriko, amlipe kibarua, au aache msimu umpite. Asiye nayo atapanda mlau hata magoti yakigoma.

Zanzibar imejibu tofauti hiyo. Tangu Aprili 2016, mkazi aliyefikisha miaka 70 hupata Pensheni Jamii, awe alikuwa karani au mvuvi: kwanza shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye 50,000. Kiasi hicho hakimtoi mvuvi baharini moja kwa moja. Humwezesha kusema leo bahari imechafuka, siendi.

Sheria ya Marekani humwuliza anayewahi mafao kama bado anafanya kazi. Ya Bara, alimfanyia nani. Zanzibar humwuliza mkazi umri tu, na hilo ndilo swali linalomfaa mkulima wa Umwe. Kulima atalima, serikali iamue kama atalima kwa kupenda au kwa kukosa.