Mzee Alisahau Miwani, Kesi Ikaenda Miaka 117

Kama kwenu kuna kesi ya shamba la babu, soma hii stori hadi mwisho.

Mwaka wa 1798, huko Suffolk, Uingereza, alifariki mzee anaitwa William Jennens. Hakuwa na mke wala mtoto, lakini alikuwa na pesa, si mchezo: karibu pauni milioni 2 za wakati huo. Wosia ulipatikana kwenye mfuko wa koti lake. Umeandikwa vizuri, lakini hauna sahihi! Inasemekana alienda kwa wakili wake kuuweka sahihi, akakuta ameacha miwani nyumbani, akarudi zake. Mimi ningekuwa huyo wakili, ningemfuata na hiyo karatasi siku hiyohiyo.

Basi ndugu wakatokea kila kona, hadi Marekani. Kesi juu ya kesi katika Mahakama ya Chancery, London, mpaka 1915. Unajua ziliishaje? Inasimuliwa kwamba pesa zilikwisha. Eti gharama za kesi zilikula urithi.

Na usidhani ni uvivu tu. Kwa muda mrefu, maofisa wa Chancery walilipwa ada kwa kila karatasi na kila nakala, na gharama mara nyingi zilitolewa kwenye mali yenyewe inayogombaniwa. Sasa hapo nani alikuwa na haraka? Kuchelewa kulikuwa biashara.

Tusiwacheke. Mfumo wetu wa mahakama tuliutoa kwao. Sheria yetu ya Urithi ilianza kutumika Julai 1981. Septemba mwaka huohuo akafariki Mbiyu Koinange, waziri wa zamani. Miaka zaidi ya 30 baadaye, mali yake ilikuwa bado kortini.

Na hao ni matajiri. Sisi kwetu ni shamba dogo tu la guka. Wakili wetu, mgeni kwa hii kazi, aliacha nje jina la shangazi yetu eti kwa sababu ameolewa. Shangazi akapinga, na haki yake. Tukaanza upya. Tangu hapo jibu ni moja: "Faili bado haijapatikana." Karo yangu ya chuo ingetoka kwa hilo shamba. Niko nyumbani.

Kwa hivyo historia imenifunza hivi: anayelipwa ukingoja hatakuharakisha. Itisha nakala ya kila kitu anachopeleka kortini. Hakikisha majina ya watoto wote yamo, wasichana na wavulana. Kila kesi ikiahirishwa, uliza sababu na tarehe inayofuata. Akikuzungusha, una haki ya kubadilisha wakili, na kuna Tume ya Malalamiko Dhidi ya Mawakili.

Na kama mzee wenu bado yuko hai, mwambieni aandike wosia akiwa na mashahidi, kisha aweke sahihi. Miwani mtambebea nyinyi.