Majaribio ya Pamoja na Istilahi Zake

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo haikamiliki mezani pa mfasiri. Pwani ya Mtwara, hadi mlango wa Ruvuma, mashua iliyokalafatiwa hupimwa majini. Panapovuja huonyeshwa fundi. Programu nayo huhitaji wajaribu wengi wa kujitolea, na taarifa zao zahitaji lugha moja. Kwa hiyo twapendekeza "kosa" liwe la mtumiaji na "hitilafu" iwe ya programu. Tena kila taarifa itaje toleo, hatua zilizofuatwa, tokeo lililotarajiwa na lililopatikana. Pasipo mapatano hayo, fundi atatafuta tundu lisilokuwapo.