Thesalonike: Mji Wenye Jina la Binti Mfalme

Kila linaposomwa kanisani somo la Waraka kwa Wathesalonike, tunalitaja, pengine bila kujua, jina la mwanamke. Thesalonike alikuwa binti wa Mfalme Filipo wa Pili wa Makedonia, na dada yake Aleksanda Mkuu kwa baba. Jina lake lamaanisha “ushindi wa Thesalia”, nchi ambayo baba yake alipata ushindi humo. Mumewe, Kasandro, aliuanzisha mji huo wa Ugiriki yapata mwaka 315 K.K., akauita kwa jina la mkewe. Ushindi huo haukumfaa mwenye jina: aliuawa na Antipatro, mwana wake wa kumzaa.

Mtume Paulo alifika humo karibu mwaka 50 B.K., akahubiri katika sinagogi sabato tatu, kisha akatoroshwa usiku (Mdo 17). Wataalamu wengi huuhesabu Waraka wake wa kwanza kwa Wakristo wa huko kuwa andiko la kale kuliko yote ya Agano Jipya.

Waslavi huuita mji huo Solun. Ndiko walikozaliwa Watakatifu Sirili na Metodi. Waturuki, waliouteka mwaka 1430, waliuita Selanik. Chini yao Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 walipata kimbilio humo. Mwaka 1943 Wanazi waliwapeleka Wayahudi wa mji huo, zaidi ya 40,000, Auschwitz. Wachache mno walirudi.