Usikimbilie kupiga window: apdeti mbili zilizoua mashine

Mashine ya mtu ikigoma baada ya apdeti, ushauri wa kwanza hosteli huwa uleule: "piga window mpya tu." Yaani futa kila kitu, anza upya. Na risachi iliyomo humo je? Mi leo naleta historia kidogo, maana balaa mbili kubwa za aina hii zilitibika kwa faili moja tu.

Ya kwanza ni ya tarehe 21 Aprili 2010. Kampuni ya antivairasi ya McAfee ilitoa apdeti namba 5958. Kazi ya apdeti hizo ni kuifundisha antivairasi sura za virusi vipya. Sasa hiyo ikafundisha uongo: kwenye Windows XP yenye Service Pack 3, ikaliona faili la svchost.exe ni kirusi, ikaliondoa. Jamani, svchost.exe ndo mhimili wa nyumba! Huduma kibao za Windows zinapitia humo. Mashine zikawa zinajizima na kujiwasha zenyewe, mtandao nao hakuna. Kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kiliripoti kompyuta 8,000 kati ya 25,000 zimeanguka.

McAfee waliiondoa apdeti ile siku hiyohiyo na kutoa dawa. Lakini dawa iko kwenye intaneti, na mgonjwa hana intaneti. Ikabidi mafundi wabebe flashi na CD, wapite mashine moja moja kurudisha svchost.exe mahali pake. Nyaraka za watu? Zilikuwemo humohumo, salama. Aliyekimbilia kufomati ndo alijimalizia mwenyewe.

Miaka 14 ikapita. Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ikatuma kifaili kidogo kwa wateja wake wa Windows. Programu yao inakaa ndani kabisa, kwenye kiini cha Windows, kwa hiyo ikijikwaa yenyewe inaanguka na mashine nzima. Na ilijikwaa kwenye hesabu ya chekechea: ilitakiwa kusoma vipengele 21 wakati imepewa 20. Ilipochungulia cha 21 ikaingia kwenye memori isiyo yake, Windows ikajizima. Skrini ya bluu kila kona! Microsoft walikadiria mashine milioni 8.5. Shirika la ndege la Delta peke yake lilifuta safari karibu 7,000.

Kifaili kibovu kilirudishwa ndani ya dakika 78 tu, ila zilizokwisha kufa nyingi hazikuweza kupokea kitu. Tiba? Washa mashine kwa ile hali ya usalama inayopakia vitu vya lazima tu, ingia folda ya CrowdStrike, futa faili linaloanza na C-00000291, washa tena. Basi! Ugumu ulikuwa kwa mashine zilizofungwa kwa BitLocker, maana hapo unadaiwa kwanza ufunguo wa tarakimu 48. Kuna maofisi funguo hizo zilikuwa zimehifadhiwa kwenye sava ambayo nayo imelala na bluu yake. Utacheka au utalia?

Halafu cheki hii: bosi wa CrowdStrike mwaka 2024, George Kurtz, mwaka 2010 alikuwa mkuu wa teknolojia wa McAfee. Sisemi kitu hapo.

Kwa hiyo fundi akikuambia "tufomati", muulize kwanza kama amejaribu hali ya usalama, au kuiondoa apdeti ya mwisho, au hata kuwasha kwa flashi ya Linux ili uhamishe kazi zako. Akinuna, tafuta mwingine.

Novemba 2024 Microsoft walitangaza njia ya Windows kujitibu: mashine ikishindwa kuwaka, inaingia chumba cha dharura na kuvuta dawa yenyewe mtandaoni. Safi sana, ila bando la kuvutia hiyo dawa unanunua wewe.