Ushuru wa Mpakani: Karne Moja ya Forodha Mkoani Mara

Bidhaa za Kenya zinazouzwa madukani Musoma, Bunda na Butiama nyingi huingilia Sirari, wilayani Tarime. Kila panapozuka mjadala wa magendo katika mkoa huu, lawama huelekezwa kwa tabia: watu wa mpakani, husemwa, wamezoea njia za panya na bandari bubu za Ziwa Victoria. Historia ya forodha ya eneo hili haiungi mkono hukumu hiyo. Inaonyesha kwamba magendo yalistawi pale njia halali ilipofungwa au kanuni zilipogeuka ghafla, na kwamba sheria inayotabirika imewaleta wafanyabiashara kwenye dirisha la forodha zaidi kuliko vitisho.

Mpaka wenyewe ulichorwa na wageni. Makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886 na 1890 yalipitisha mstari katikati ya makazi ya Wakurya na Wajaluo, jamii ambazo hadi leo zina ndugu pande zote mbili. Biashara nayo haikuufuata mstari huo. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na kwa kuwa reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 tu, bandari za kusini mwa ziwa zilitegemea Kisumu kwa miaka mingi hata zilipokuwa chini ya Wajerumani. Waingereza walipoitwaa Tanganyika, waliipa hali hiyo sura ya sheria. Kenya na Uganda zilikuwa zimeungana kiforodha tangu 1917. Tanganyika ikaanza kubadilishana nazo mazao na bidhaa za ndani bila ushuru mwaka 1923, na kufikia 1927 ikaingia katika umoja huo kikamilifu. Mwaka 1949 idara za forodha ziliunganishwa kuwa moja. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alikulia katika mkoa ambao soko lake lilikuwa Afrika Mashariki nzima.

Umoja huo ulikuwa na dosari ya kweli. Viwanda vingi vilijengwa Kenya, Tanganyika ikabaki kununua. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1967 ulijaribu kurekebisha hilo kwa kodi maalumu, ambayo nchi yenye nakisi iliweza kuitoza bidhaa za viwandani za mwenzake kwa masharti na kwa muda. Hapa yupo atakayeuliza: je, hilo halithibitishi kwamba serikali lazima iwe huru kubadili ushuru ili kulinda viwanda vyake? Hoja hiyo ina uzito katika mkoa uliolima pamba Bunda na kuwa na kiwanda cha nguo cha Mutex mjini Musoma. Lakini kodi ya 1967 iliandikwa ndani ya mkataba, ikiwa na mipaka iliyojulikana na pande zote. Kulinda viwanda na kuwashtukiza waagizaji ni mambo mawili tofauti.

Mshtuko wenyewe ulikuja 1977. Jumuiya ilivunjika, na mwezi Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Ulibaki umefungwa hadi Novemba 1983, kipindi ambacho vita vya Kagera na uhaba wa fedha za kigeni viliondoa sabuni, sukari na nguo madukani. Hapakuwa na kiwango cha ushuru ambacho mwananchi mwaminifu angeweza kulipa ili apitishe mzigo wake Sirari, na magendo yakanawiri. Mwaka 1983 serikali iliendesha msako mkubwa wa wahujumu uchumi, lakini msako haukujaza rafu za maduka. Zilianza kujaa baada ya 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizokuwa nazo wenyewe. Mlango halali ulifanya kazi ambayo msako ulishindwa kuifanya.

Wapo watakaosema kwamba kinachosukuma magendo ni ukubwa wa ushuru, si kutotabirika kwake. Ni kweli kwamba ushuru mkubwa hushawishi. Hata hivyo, tangu Umoja wa Forodha wa Jumuiya mpya uanze mwaka 2005, bidhaa za Kenya zilipunguziwa ushuru hatua kwa hatua hadi sifuri mwaka 2010, na bado njia za panya hazikufutika. Mzigo usiotozwa ushuru wa forodha hudaiwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, na huhitaji cheti cha uasili wa bidhaa. Asiyekijua cheti hicho hutozwa kama aliyeagiza kutoka nje ya Jumuiya. Viwango vya pamoja vya bidhaa za kutoka nje ya Jumuiya navyo vilikuwa vitatu, asilimia 0, 10 na 25, hadi cha asilimia 35 kilipoongezwa Julai 2022. Juu ya hapo, kila mwaka wa fedha nchi moja moja huomba kutotumia kiwango cha pamoja kwa bidhaa fulani. Mwenye duka Bunda anaweza kuagiza mzigo mwezi Juni na kuupokea Julai chini ya kanuni nyingine.

Dawa zipo, na baadhi zimekwisha kuanza. Shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000, ikiwa katika orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti rahisi palepale mpakani. Kinachobaki ni mabadiliko ya kila Julai kutangazwa mapema, kwa Kiswahili, katika ofisi za Mamlaka ya Mapato na masokoni Musoma, Bunda na Butiama, na mzigo uliokwisha agizwa kumalizika chini ya kiwango cha zamani. Mfanyabiashara naye anawajibika kutunza ankara na vyeti vyake, na kuuliza kabla ya kulipia bidhaa. Serikali inayotaka ushuru wake ulipwe Sirari ianze kwa kuufanya ujulikane kabla lori halijapakiwa.